Kikombe cha Kulia

Siku kaka yangu Firmin alipotangaza kwamba anauza nyumba ya wazazi wetu na kuhamia ghorofani karibu na stesheni, wateja wa mkahawa wa Nadine walimpigia makofi. Kwa miaka mingi walikuwa wakimwambia kwamba ngazi za nyumba ile zitamvunja na goti la pili. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa na swali moja tu.

"Na baiskeli?"

"Baiskeli gani?"

"Usinifanye mtoto, Firmin. Iliyoko kwenye banda la njiwa."

Akaweka bia yake mezani, akafuta povu kwenye masharubu. "Aa, ile! Alhamisi anapita mtu wa vyuma chakavu. Itaondoka na mabomba ya zamani na lile jiko la makaa la mama."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nina miaka sitini na sita, na thelathini na minane kati ya hiyo niliimaliza katika kiwanda cha mazulia, chumba cha mafundi, ambako wanaume waliniletea mitambo waliyokwisha kuipiga nyundo na kuitukana bila mafanikio. Sijisifu. Nasema tu kwamba mimi na chuma tunaelewana, na chuma kile hasa nilikuwa na sababu ya kukitaka.

Baiskeli ilikuwa ya Firmin, hilo sikatai. Alitengenezewa na mzee Verstichel, fundi aliyekuwa akiunganisha fremu za mbio kwa mikono yake kwenye kibanda nyuma ya kanisa, na watu walikuja kutoka mbali kumsubiri miezi. Fremu ya kijani kibichi kilichokolea, uma wa mbele wa kromu. Firmin aliipanda miaka minne katika mbio za vijijini, na mara moja alimaliza wa tatu. Halafu, Agosti ya mwaka sabini na nane, siku ya sikukuu ya kijiji cha jirani, alikuwa kitandani na homa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikashusha kiti chake vidole vinne, nikachora mstari kwa rangi yangu nyekundu ya kucha ili kisije kikateremka bila mimi kujua, nikaenda kuingia mbio za wanawake bila kumwambia mtu.

Tulikuwa wanawake ishirini na watatu. Nilishinda kwa gurudumu moja na nusu.

Nikarudi nyumbani na zawadi zangu, paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na shada la maua. Mama alilia. Baba akatoka nje kuwaita majirani. Firmin akashuka ngazi amejifunika blanketi, akapitia nje, akaingia, akalitazama lile paja la nguruwe, akanitazama mimi, akasema, "Baiskeli ndiyo iliyoshinda." Kesho yake akaipandisha kwenye banda la njiwa na kuitundika, ingawa kwa Nadine husimulia kwamba aliishusha baadaye akaipanda misimu mitatu zaidi.

Mwezi wa kumi nikaanza kazi kiwandani, mshahara ukawa unaishia mezani kwa mama, na baiskeli nyingine ya mbio haikupatikana. Sikushindana tena maishani. Na kijiji kilimwamini yeye. Kila hadithi ya lile paja la nguruwe ilipoanza, hakukosa mtu wa kudakia, "Lakini si ilikuwa ya Verstichel ile?" Maneno yale matatu ya Firmin yaliniuma nikiwa binti, yakaniuma nikiwa mke wa mtu, na yalikuwa bado yananiuma nikiwa mjane nimekaa kwa Nadine na kahawa yangu. Nilitaka ayameze.

"Haiendi kwa mtu wa vyuma chakavu," nikasema. "Naichukua mimi. Na Jumatatu ya sikukuu napanda nayo Geitenberg."

Mkahawa mzima ukanigeukia, kwa sababu mkahawa wa Nadine uko juu kabisa ya kilima hicho na wote waliokuwa mle wanakijua kwa magoti yao. Ni mita mia tisa za mawe ya kale yaliyopangwa na watu ambao hawakuwahi kuona gurudumu la mpira. Kila mwaka, Jumatatu ya sikukuu yetu, wapenzi wa baiskeli za zamani hukipanda: fremu ya chuma tu, gia za kubadilishwa kwenye bomba la fremu, miguu imefungwa kwa mikanda kwenye pedeli. Atakayeweka mguu chini hupigiwa masufuria na watazamaji mpaka afike juu, akisukuma baiskeli yake kwa aibu.

"Wewe?" Firmin akacheka. "Lut, we bibi, ukifika kona ya kikanisa utakuwa unamwita padri."

"Na nikifika juu?"

"Hufiki."

"Nauliza, nikifika juu bila kuweka mguu chini, utasemaje? Sema watu wasikie."

Akazungusha macho. Watu walikuwa wameshaweka glasi zao chini. Hakuwa na pa kutokea.

"Nitasema ulishinda wewe. Si baiskeli."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa, tena nimesimama juu ya kreti la bia, ukitaka."

"Nimesikia kwa masikio yangu," alisema Nadine kutoka kaunta. "Na kreti ninalo."

Nilikuwa na wiki saba.

Niliikuta ikining'inia kwenye boriti, usukani chini, na vizazi vya njiwa vikiwa vimejisaidia juu yake. Kinyesi cha njiwa kinakula kromu, kinakula rangi, kinakula na moyo wa mwenye kukitazama. Matairi yalikuwa yamegeuka makapi. Mnyororo ulikuwa kipande kimoja cha kutu. Niliponyanyua baiskeli haukujikunja hata kidogo. Firmin alisimama mlangoni akinitazama nikiibeba begani.

"Ungeokota baiskeli ya mtoto jalalani ungepata nafuu," akasema.

"Nishikie mlango, halafu nyamaza."

Niliitundika jikoni kwangu kwa kamba mbili, kati ya jiko na dirisha, nikahamishia meza ya chakula sebuleni. Wiki ya kwanza nilitumia brashi ya vyombo na maji ya moto yenye sabuni, nikisugua sehemu ndogo ndogo, na kijani kikaanza kutokea. Uma wa kromu niliusugua kwa karatasi ya aluminiamu ya kufungia mkate, iliyochovywa kwenye siki. Hiyo ni dawa ya bei rahisi kuliko zote na sijui kwa nini watu huuziwa nyingine. Rimu zilikuwa nzima. Nilibadilisha spoki kumi na moja, nikazikaza kwa sikio, nikizigonga moja moja mpaka zote zikatoa sauti moja. Kiti cha ngozi kilikuwa kikavu na kigumu, nikakipaka mafuta ya mnyama kila asubuhi kabla ya kahawa mpaka kikakubali kubonyea.

Rangi sikuipaka upya. Jirani yangu alipochungulia dirishani akaniambia kuna mtu mjini angeipulizia iwe mpya kabisa. Nikamjibu kwamba sitaki mpya. Mikwaruzo ile mingine niliitia mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikikata kona ya kwa mchinja nyama kwa kasi ambayo leo ningefungwa kwayo.

Nguzo ya kiti ndiyo iliyonipa jasho. Aluminiamu ikikaa miaka ndani ya bomba la chuma, vinashikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Siku nne niliimiminia mafuta mepesi ya kupenya, nikamwagia bomba maji ya moto, nikaifunga nguzo kwa barafu. Siku ya tano nikapindua baiskeli, nikabana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa, nikaishika fremu yenyewe kwa mikono miwili na kuizungusha. Ikalia kwa sauti ya mlango wa gereji, ikaachia. Nilipoichomoa na kuifuta nikaona mstari mwekundu. Rangi yangu ya kucha, na ulikuwa sawasawa na mdomo wa bomba, palepale nilipouweka.

Nikampigia simu Firmin papo hapo, mikono ikiwa bado ina mafuta.

"Si ulikuwa unatuambia kwa Nadine kwamba baada ya mwaka ule uliipanda misimu mitatu zaidi?"

"Niliipanda. Kwani vipi?"

"Kiti kiko kwenye alama yangu, kaka. Una miguu mirefu kuliko mimi vidole vinne. Ulikuwa unaendesha magoti yakiwa masikioni?"

Nikasikia redio nyuma yake ikisoma matokeo ya mashindano ya njiwa.

"Nina maboksi ya kufunga," akasema, na akakata simu.

Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajiambia, huyu nimempatia. Nikaingia kwenye kazi ya mwisho nikiwa nimevimba kichwa, na hapo ndipo nilipokula jeuri yangu.

Ilibaki ekseli ya pedeli. Inakaa tumboni mwa fremu, chini kabisa, ikizunguka kwenye gololi, na gololi zinashikwa na vikombe viwili vya chuma vinavyokazwa kwa nyuzi kama za skrubu, kimoja kushoto na kimoja kulia. Cha kushoto nilikifungua kwa dakika tano. Cha kulia, kila mtu katika nchi hii aliyewahi kushika spana anajua, hufunguka kinyume na vitu vingine: unazungusha kama mtu anayekaza. Nimevifungua vingi hivyo, vya wanangu, vya majirani, na cha baiskeli ya padri. Nikaweka spana, nikaunga bomba la mguu wa meza ya pasi kwenye mkono wake upate urefu, nikazungusha kama anayekaza. Hakikusogea. Nikapanda na uzito wangu wote. Kikasogea unywele mmoja, nikashangilia, nikapanda tena.

Spana ikateleza. Vifundo vya mkono wangu vikagonga fremu, damu ikachirizika, na kingo mbili za kikombe ambazo spana ilikuwa ikizishikilia zikawa zimelika nusu. Mara moja zaidi ya hapo zingekwisha kabisa, na kikombe kisichoshikika ni fremu iliyokufa.

Nilikaa sakafuni, nimefunga mkono kwa taulo la vyombo. Zilikuwa zimebaki siku saba. Verstichel alikuwa amezikwa zamani, na mafundi wa dukani siku hizi wakiona kitu kimetangulia kuzaliwa kwao hupiga simu kuuliza. Aliyekuwa akiijua baiskeli ile ndani na nje alikuwa mmoja tu. Siku tatu nilizunguka jikoni nikitafuta njia ya kutomwomba. Ya nne nikavaa koti.

Firmin alikuwa amekaa kati ya maboksi kwenye ghorofa yake mpya, na ndege mmoja tu kwenye kizimba. Wengine alikuwa ameshawauza. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza taratibu, "Ulizungusha upande gani?"

"Upande wa siku zote. Kama ninayekaza."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na njiwa naye akapigapiga mabawa.

"Mama wee! Fundi wa kiwanda! Lut, Verstichel alikuwa akiagiza kiungo kile cha tumboni kutoka Italia. Nyuzi za Kitaliano! Zile haziendi kinyume. Kulia na kushoto zote zinafunguka upande mmoja. Ulikuwa unakikaza, bibi wewe! Umekikaza kwa bomba la pasi!"

"Na ungeniambia mapema ungekufa?"

"Uliniuliza? Uliniambia nishike mlango na ninyamaze."

Akasimama kwa shida, goti likilia, akafukua boksi lililoandikwa NJIWA, akatoa spana bapa yenye mkono mrefu kama wa mwiko wa kukorogea uji wa ng'ombe. Verstichel aliichonga mwenyewe, ya kikombe kile tu. Ilikuwa na bolti ya kuibana kwenye kikombe isiweze kuteleza. Firmin alikuwa ameitunza miaka arobaini na saba katikati ya pete za miguu ya njiwa.

"Twende," akasema. "Na uniwekee kahawa. Sifanyi kazi na mdomo mkavu."

Alikuja jikoni kwangu, akaizunguka baiskeli mara mbili. Aligusa uma wa kromu kwa kidole kimoja. Nilingoja tusi, halikuja. Akabana spana yake, akazungusha upande ule mwingine, na baada ya kuvuta pumzi mara tatu kikombe kikaachia kwa mlio mkali.

"Mbona kilikuwa kimekazwa hivi hata kabla yangu?" nikamuuliza. "Hiyo si kutu peke yake."

"Nilikikaza mimi, wakati naitundika."

"Unakaza kikombe cha baiskeli unayokwenda kuitundika kwa njiwa?"

Alianza kufuta nyuzi kwa kitambaa, mzunguko kwa mzunguko, akiwa ameinamisha kichwa. Nikamkatia kipande cha pai ya mchele. Tulipaka grisi, tukapanga gololi mpya, na nikakiri moyoni kwamba mikono yake ilikuwa bado mizuri. Alipokuwa akikaza kikombe cha kulia alisema, kama anayeongea na spana, "Hizi za Kitaliano zina kasoro yake. Mtu anavyokanyaga, kikombe cha kulia kinajifungua chenyewe kidogo kidogo. Verstichel alikuwa akiwaambia wateja, uniletee kila mwezi nikikaze."

"Na wewe ulikuwa unampelekea kila mwezi?"

Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kiti nikuwekee wapi?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Kwenye alama."

"Una miaka sitini na sita, Lut. Umepungua."

"Kwenye alama, nimesema!"

Akakiweka kwenye alama.

Jumatatu ya sikukuu nilitia upepo matairi asubuhi nikiwa nyumbani, nikanywa kahawa, nikala mayai mawili, na saa tano nikawa chini ya Geitenberg pamoja na watu wengine arobaini. Vijana wenye ndevu walikuja kuipiga picha baiskeli yangu. Mmoja akaniuliza ni nani aliyenitengenezea. Nikamwonyesha vifundo vyangu vyenye makovu, akaomba radhi.

Sikuwa na wasiwasi na miguu yangu. Wiki zote zile nilikuwa nikipanda vilima vya jirani kila siku kwa baiskeli yangu ya sokoni, nimejaza viazi kapuni. Nilianza taratibu, nimekaa, mikono imelegea juu ya usukani ili mawe yaitikise baiskeli yasinitikise mimi. Nusu ya kwanza niliwapita watu sita. Wawili walishaweka mguu chini na masufuria yalikuwa yakiwalilia. Baiskeli ilikwenda mbele kwa kila pigo nililoipa, na nilijiona nina nguvu za kupanda kilima kile mara mbili.

Kisha, kabla ya kona ya kikanisa, ambapo kilima kinasimama wima, nikasikia kitu. *Tk.* Kila mguu wa kulia ulipokanyaga, *tk*, kutoka chini, kutoka tumboni mwa fremu. Ni kikombe. Kikombe cha kulia kilikuwa kinalegea.

Na nilipoinua macho nikamwona Firmin. Hakuwa juu kwa Nadine, alipotakiwa kuwa. Alikuwa amesimama palepale penye mwinuko mkali kuliko wote, amejibanza ukutani, na mkono wa ile spana ulikuwa umechomoza kwenye mfuko wa koti lake. Akili yangu ikaenda mbio. Yeye ndiye aliyekaza. Spana ilikuwa mkononi mwake peke yake. Amekiacha nusu kwa makusudi, na amekuja kusimama hapa aone nikianguka.

"Hukukikaza!" nilimfokea, pumzi ikinikata. "Hukukikaza, mshenzi wewe!"

"Kaa kitini!" alinifokea na yeye. "Usisimame, Lut! Kaa, kanyaga! Kanyaga!"

Nilikanyaga kwa hasira tupu. Usukani ulinichezea mikononi, gurudumu la nyuma likateleza kwenye jiwe lenye ukungu, na mtu mmoja mwenye sufuria akainua mwiko tayari kabisa. Sikumpa nafasi. *Tk, tk, tk,* kikombe kikilia, kikashika, kikalia, nikaipita kona, nikaupita ukuta wa makaburi, na mawe yakaanza kulala. Nikafika juu. Nilivuka mlango wa ua wa Nadine nimefungwa miguu yote miwili kwenye pedeli, na kama si kijana mmoja kunidaka ningeanguka na ushindi wangu.

"Kreti!" nikasema nilipoweza kusema. "Nadine, lete kreti. Anakuja, yuko njiani. Safari hii hatoki."

Nadine hakuenda kuleta kreti. Aliniletea maji, akanitazama kwa namna ya ajabu, na nikagundua kwamba ua mzima ulikuwa unanitazama hivyo hivyo.

"Ameshasema," Nadine akaniambia.

"Nani?"

"Kaka yako. Saa nne, wakati wewe uko nyumbani kwako unatia upepo. Watu wa chama cha njiwa wote walikuwepo. Alilivuta kreti mwenyewe, akapanda juu yake na lile goti lake."

"Saa nne? Sijapanda hata kilima?"

"Ndiyo na mimi nilivyomuuliza. Nikamwambia, Firmin, ngoja kwanza tuone kama atafika. Akasema, akifika ndipo niseme, itakuwa dau tu. Nataka isiwe dau."

Nikakaa kwenye benchi. Nadine akakaa pembeni yangu na kunieleza yote. Firmin alisema kwamba siku ile ya mwaka sabini na nane, nilipokuwa ndani nakata paja la nguruwe na majirani, yeye alikwenda kuishika baiskeli. Akashika pedeli akaitikisa, ikacheza. Kikombe cha kulia kilikuwa kimelegea. Miaka minne yeye aliipanda, mbio na mazoezi, na hakikuwahi kulegea hata mara moja. Hakuwahi kurudi kwa Verstichel na kumwambia akikaze, kwa sababu hakikuhitaji. Verstichel alimwambia siku anaichukua: kikombe hiki hulegezwa na mtu mwenye nguvu za miguu. Mimi niliipanda mchana mmoja.

"Akasema," Nadine aliendelea, "nilikuwa nimekishika kwa mkono huu hapa kikombe kilicholegea, nikaingia ndani nikasema baiskeli ndiyo iliyoshinda. Nilisema uwongo, na nilijua kwamba ni uwongo. Halafu akashuka, akachukua spana yake, akatelemka kilimani. Alisema atasimama kwenye kona, maana kama kitalegea kitalegea pale."

Niliona aibu kwa nilivyomwita pale ukutani, na niliona furaha ambayo sikujua nifanye nayo nini, na nilikasirika pia, sifichi. Arobaini na saba! Miaka yote ile nimengoja kuyasikia maneno yale, na siku yaliposemwa nilikuwa jikoni nimeshika pampu.

Firmin alichukua nusu saa kufika, akipanda hatua kwa hatua na mkono kwenye goti. Nilimngoja getini.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nimeshasema."

"Sikusikia!"

"Kijiji kizima kimesikia. Waulize."

"Firmin, sema!"

"Sisemi. Mara moja imenitosha." Akafuta jasho. "Na kwa taarifa yako, nilikikaza Ijumaa kwa nguvu zangu zote. Mshenzi ni wewe."

Basi nikawauliza. Nilianza na mwenyekiti wa chama cha njiwa, nikaja kwa mwokaji mikate, nikamaliza na yule mwenye sufuria, na kila mmoja alinisimulia kwa namna yake. Mmoja alisema Firmin alilia, mwingine akaapa kwamba hakulia. Mmoja aliongeza chumvi nyingi mpaka nikashinda mbio tatu. Niliyachukua yote, na yule wa mwisho nilimwomba arudie.

Nilipogeuka, Firmin alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi la ua, lile zima na lile bovu, kando ya baiskeli. Alikuwa amebana ile spana kwenye kikombe cha kulia. Nikaenda nikasimama juu yake.

"Kimelegea?"

"Robo nzima," akasema. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akajaribu pedeli kwa mkono, akavuta tena kidogo. Kisha akapangusa kikombe kwa leso yake, akaikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Uniletee kila mwezi," akasema.